Jibu: Mkuu wa programu ya amani lazima awe amesomea amani?

Ndugu, umeuliza kama mwanasheria anaweza kuongoza programu ya masomo ya amani bila kuwa na shahada ya fani hiyo. Anaweza. Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilipoanzisha idara yake mwaka 1973, profesa wa kwanza alikuwa Adam Curle, mtu wa saikolojia na elimu aliyekuwa ameshiriki usuluhishi katika vita vya Biafra, Nigeria. Johan Galtung wa Norway, mmoja wa waasisi wa masomo ya amani, naye alianzia hisabati na sosholojia.

Ugumu uko kwingine. Mara nyingi walimu wa programu hizi wameazimwa kutoka sheria, siasa au historia, na mshahara wao uko huko huko. Unawapangia vipindi, lakini bosi wao ni mwingine! Kwa hiyo kabla mwanasheria huyo hajakubali cheo, aulize nani anaidhinisha bajeti na ajira. Akijibiwa "tutaona", akae chonjo. Halafu kuna mafunzo kwa vitendo: mwanafunzi anayekwenda eneo lenye mgogoro anahitaji msimamizi, bima na kibali cha maadili ya utafiti. Likiharibika jambo, wa kwanza kuulizwa ni mkuu. Mtaala utarekebishika tu.