Uliza Ujibiwe: Utafiti una kazi gani kwa afisa ustawi wa jamii?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri mojawapo ya mikoa ya kati. Kila asubuhi nakuta kina mama wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi, wengi wakidai matunzo ya watoto. Sasa tumeagizwa kwamba kila afisa awasilishe walau andiko moja dogo la utafiti kwa mwaka. Kwa heshima zote, utafiti nauona ni kazi ya wahadhiri na ya wanafunzi wanaotafuta shahada. Sina usafiri, sina karani, na mafaili yamenizidi. Huo utafiti utanisaidia nini?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kazi. Agizo linalokuja bila muda wala fungu ni haki yako kulilalamikia, na ningekushauri ulilalamikie kwa maandishi. Lakini swali ulilouliza mwishoni ni kubwa kuliko agizo lenyewe, kwa hiyo nitalijibu kana kwamba hakuna aliyekuagiza.

Katika maisha ya kawaida tunaambiwa tenda wema nenda zako. Kwa jirani ni ushauri mzuri. Afisa ustawi akiufuata, atastaafu bila kujua kama wale aliowahudumia walipona au waliumia zaidi. Neno kuumia silitumii kwa kutia chumvi. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville jimboni Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa kuwakinga wavulana wasije wakawa wahalifu. Aliyeubuni ni Dkt. Richard Cabot, yule yule aliyeanzisha huduma ya ustawi wa jamii katika hospitali ya Massachusetts General mwaka 1905. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, tabia na hali ya nyumbani, kisha kwa kurusha shilingi mmoja wa kila jozi akaingizwa katika mradi na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Walioingizwa walitembelewa nyumbani na washauri, wakasaidiwa masomo na matibabu, na baadhi wakapelekwa kwenye kambi za likizo. Mradi ulifungwa mwaka 1945.

Miaka thelathini baadaye, mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana hao, ambao sasa walikuwa watu wazima. Wengi wa wale waliohudumiwa walisema mradi uliwafaa, na baadhi walimkumbuka mshauri wao kwa upendo. Laiti McCord angeishia hapo, angeandika taarifa ya kumfurahisha kila mfadhili. Alikwenda mbali zaidi, akapekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, akawalinganisha na wale walioachwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hawakuwa na nafuu katika uhalifu, na kwa vipimo kadhaa, ukiwemo ulevi na kufariki mapema, walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye zile kambi, kwamba madhara yalionekana hasa kwa waliopelekwa zaidi ya mara moja, kana kwamba vijana wenye matatizo walipokusanywa pamoja walifundishana matatizo hayo. Washauri wale walikuwa watu wema na wenye elimu, na mafaili yao yalikuwa yamejaa. Kilichohitajika ni mtu wa kurudi na kuuliza swali gumu, na bila wale walioachwa hata aliyerudi asingekuwa na cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana, mteja anapokushukuru akitoka ofisini kwako, pokea shukrani hiyo, lakini usiiandike kwenye safu ya mafanikio.

Jambo la pili ambalo ofisi peke yake haiwezi kukuonyesha ni watu ambao hawajawahi kubisha hodi. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Walihojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24, na matokeo yalitolewa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili. Wengi wa waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakuwa wametafuta huduma yoyote. Linganisha hayo na rejesta yako. Kama mashauri ya namna hiyo yaliyofika mezani kwako mwaka mzima ni machache, uchache huo hauthibitishi kwamba wilaya yako ina amani. Serikali nayo isingeweza kupanga kwa kutegemea rejesta za polisi na za ustawi peke yake. Takwimu za utafiti ule ni miongoni mwa misingi ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto unazohudhuria katani zinatokana na mpango huo.

Sasa tuje kwenye lile benchi nje ya ofisi yako. Huhitaji gari wala karani ili kuanza. Chukua mafaili ya matunzo yaliyofunguliwa mwaka jana na kumalizwa kwa hati ya makubaliano. Kwa kila faili andika mambo machache kwenye daftari: kiasi walichokubaliana, siku ya malipo, njia ya malipo, nani alisaini kama shahidi, na baba anajipatia riziki kwa kazi gani. Kisha mpigie mama simu, umuulize kama fedha za miezi mitatu iliyopita zilifika, zote, pungufu, au hazikufika kabisa. Hilo ndilo swali lako la utafiti, na linatosha: ni makubaliano ya aina gani yanayodumu?

Nadhani, na hapa ni dhana tu mpaka daftari lako liseme, utakuta tunawasainisha wakulima wa alizeti ahadi ya kulipa kila mwezi huku tukijua kwamba fedha yao huingia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Kama ndivyo, kosa ni la fomu yetu kabla ya kuwa la baba, na dawa yake si kumwandikia barua nyingine ya wito. Pengine utaona pia kwamba yale yaliyoshuhudiwa na mzee wa ukoo wa mume hudumu zaidi. Hapo nenda taratibu. Inawezekana shahidi ndiye aliyeyalinda, na inawezekana pia kwamba familia iliyokubali kumleta mzee ofisini ilikuwa na maelewano tangu mwanzo. Ili kutofautisha, angalia wanaofanana kwa mambo mengine, au kuanzia mwezi huu omba shahidi wa ukoo kwa kila shauri ambalo mama mwenyewe hana hofu naye, uone kama mambo yanabadilika. Usiwasahau wasiopatikana kwa simu. Ukiwaacha nje ya hesabu utapata picha nzuri kuliko hali halisi, kwa kuwa mara nyingi aliyekata tamaa ndiye aliyebadilisha namba.

Kazi hiyo itakufaa hata mahakamani. Hakimu wa Mahakama ya Mtoto anapokutaka uandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua shauri la matunzo, pendekezo linalotaja yaliyotokea katika mashauri kama hilo lina uzito ambao uzoefu wa kukumbukwa kichwani hauna. Usiitaje familia yoyote kwa jina katika andiko lako. Tumia namba, na orodha ya majina ifungie kwenye kabati la ofisi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii, niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilitaka kuwahoji kina mama wakiwa kwenye foleni, kwa sababu hapo wanapatikana kwa urahisi, lakini afisa anayenisimamia amenikatalia. Je, hanibanii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakubanii. Mama anayengoja barua ya wito akiulizwa na mtu aliyetoka ndani ya ofisi hiyo hiyo, atakubali hata kama moyo hautaki, akiogopa faili lake lisije likawekwa chini. Ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Subiri shauri lake lihudumiwe, mweleze kwamba kukataa hakutamgharimu chochote, na umhoji siku nyingine mahali ambapo hasikiki. Kwa mtoto, pata ridhaa ya mlezi na kisha ya mtoto mwenyewe. Barua ya chuo na kibali cha halmashauri ni lazima, ila havichukui nafasi ya ridhaa hizo.

Jifunze kutoka utafiti wa 2009 niliotaja hapo juu. Wanakaya walielezwa kwa ujumla kwamba mahojiano ni ya afya na maisha ya vijana, na neno ukatili lilisemwa faraghani kwa mhojiwa peke yake. Wasichana na wavulana walihojiwa katika maeneo tofauti, ili mtendaji na aliyetendewa wasiulizwe maswali yale yale mtaa mmoja. Utaratibu wa kuwapatia msaada waliouhitaji uliandaliwa kabla. Kama huna mahali pa kumpeleka mtu atakayelia mbele yako, bado hujawa tayari kumuuliza.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Watafiti huja na madodoso, wananchi wanaacha shamba na kujibu, kisha hatuwaoni tena. Kuna faida gani?

JIBU: Mheshimiwa Mwenyekiti, malalamiko yako ni ya haki. Faida huwa ipo, japo huchelewa. Mwaka 2010 TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ilijaribu ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingia kwenye tathmini, 40 vikianza kupata na 40 vikiwa vya kulinganisha. Ilionekana kwamba kaya zilizopokea ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya, na watoto wao walinunuliwa viatu zaidi, kinyume cha hofu ya wengi kwamba fedha zingeishia kilabuni. Majibu ya wanakijiji wale yalikuwapo mezani wakati mpango wa kunusuru kaya maskini ulipopanuliwa nchi nzima.

Hata hivyo, faida ya nchi haimwondolei mtafiti deni lake kwa kijiji chako. Kabla hujagonga muhuri kwenye barua yake, mtake aandike atarudi mwezi gani kusoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na nakala ya ahadi hiyo ibaki kwa mtendaji pamoja na namba ya simu ya msimamizi wake chuoni.