Serikali ya Marekani inapofungwa, nani huumia?
Umeuliza mwananchi wa kawaida huumia vipi serikali inapofungwa, yaani Bunge linaposhindwa kupitisha bajeti kwa wakati na shughuli nyingi za serikali zikasimama, ilhali watumishi hulipwa malimbikizo ya mshahara baadaye. Ni kweli kwamba sheria ya 2019 inawahakikishia watumishi wa serikali kuu malimbikizo hayo, lakini mwenye nyumba hasubiri Bunge lielewane, na wafagiaji na walinzi wa kampuni za zabuni, ambao ndio wenye kipato kidogo zaidi, kwa kawaida hawafidiwi hata senti. Mwaka 2025, serikali ilipofungwa kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, msaada wa chakula unaotegemewa na watu takriban milioni 42 ulikwama mwanzoni mwa Novemba, hata waliozoea kulipia maziwa na mkate kwa kadi ya msaada wakapanga foleni za chakula cha bure. Waongoza ndege nao walifanya kazi bila mshahara, na safari zikapunguzwa.