Maswali ya Wasomaji: Madaktari wamegoma, mzigo umetuangukia wauguzi

SWALI: Madaktari wetu wamegoma, wiki ya pili sasa. Wodini tumebaki wauguzi na daktari bingwa mmoja tunayempata kwa simu. Jamaa za wagonjwa wanatufokea sisi. Dawa ikihitaji kubadilishwa nifanye nini? Na mbona nilikuwa nawaunga mkono madaktari, sasa naona wametutupa? – Muuguzi, wodi ya wanaume

JIBU: Tuanze na dawa, maana hapo ndipo leseni hupotea. Mgomo haukuongezei mamlaka. Usichoruhusiwa kuandika juzi, leo pia huruhusiwi, ila pawe na mwongozo uliosainiwa na uongozi. Bingwa akiagiza kwa simu, andika papo hapo saa, jina lake, dawa, kipimo, njia ya kuitoa na mara ngapi kwa siku. Kisha msomee yote athibitishe, mwenzako akisikiliza. Kasheshe huja baadaye: hakuna aliyesaini, na chati inasomeka kana kwamba dawa umeiandika wewe.

Kosa lisiloonekana upesi ni dawa inayoendelea. Bila raundi ya asubuhi ya madaktari hakuna wa kuisimamisha. Jentamaisini (antibiotiki ya sindano) iliyokusudiwa siku chache inapitiliza na kuumiza figo. Kila zamu ipitie chati, iorodheshe dawa zilizofikisha siku zake, bingwa asomewe zote kwa simu moja.

Pumzi zihesabu dakika nzima, usikadirie (ndicho kipimo kinachobuniwa kuliko vyote). Mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika, au namba ya juu ya presha yake ikishuka hadi 90, mpigie bingwa mara moja. Andika saa uliyopiga, hata kama hakupokea.

Jamaa humfokea aliye mbele yao. Waambie utarudi saa ngapi kumwona mgonjwa wao, urudi kweli. Madai ya mgomo usiyajadili kitandani.

Kinyongo chako hakitushangazi. Mwanzoni madai ni yenu pia: glavu, dawa, vitanda. Makubaliano yakifikiwa, nyongeza huwa ya madaktari. Kenya, madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016; Juni 2017 wauguzi nao wakagoma kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo andikeni kila zamu: wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, kazi gani haikufanyika. Nakala moja iende kwa muuguzi mkuu, nyingine kwa chama chenu, mgomo ukiwa bado unaendelea. Na siku madaktari watakaporudi, kabla ya raundi ya kwanza, bingwa asaini maagizo yote ya simu ambayo bado hayana saini.