Frigeti tatu au distroya moja?

Umeuliza kwa nini nchi inayolinda bahari yake tu isinunue distroya moja (manowari kubwa yenye makombora mengi) badala ya frigeti tatu (manowari ambazo kwa kawaida ni ndogo kuliko distroya). Mimi ningechukua frigeti tatu bila kusita. Distroya hiyo moja ikiingia matengenezo, bahari inabaki wazi kwa miezi. Ukiwa na tatu, mara nyingi moja iko doria, nyingine mazoezini, ya tatu iko kwa mafundi.

Majina yenyewe yasikuchanganye. F125 ya Ujerumani inaitwa frigeti ilhali ina tani zaidi ya 7,000, na bado iliundwa bila mirija ya wima ya kurushia makombora. Hiyo mirija ndiyo ya kuhesabu: distroya za Marekani aina ya Arleigh Burke, za matoleo ya karibuni, zina 96, ilhali frigeti ya China, Type 054A, ina 32. Mashambulizi ya angani yakija mfululizo, tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu kujaza mirija katikati ya bahari ni kazi ngumu sana. Kwa kawaida meli hurudi bandarini.

Lakini frigeti si meli ya kudharau. Desemba 2023, Languedoc ya Ufaransa ilitungua droni katika Bahari ya Shamu. Na kwa kuwinda nyambizi, frigeti yenye helikopta na sonari (chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji) inayoburutwa nyuma inatosha kabisa. Distroya mwachie anayepeleka vikosi mbali na kwao, au mwenye adui wa makombora ya balistiki.