Barua kwa mwanangu: tangu lini?

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ugonjwa wa akili wa mjomba wako uko kwenye damu yetu, kwa kuwa kijana wako halali na anasema walimu wanamteta. Nikasema "tutaongea", nikakata. Koo lilinikaba.

Damu ina sehemu yake, sikufichi. Muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba ukoo huongeza uwezekano tu, na wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui kamwe. Lakini kinachonila mimi si damu. Ni ile miezi 14 tuliyokaa kabla ya kumfikisha kwa daktari.

Ulikuwa mdogo, ila redio ya babu yako unaikumbuka. Mwaka 1994 mjomba wako, ana miaka 19, akaanza kukesha uani pale Magomeni. Akasema msoma taarifa ya habari anamtaja jina. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia, basi mwambie anisalimie na mimi. Alinitazama, akainuka, akaingia ndani. Hakunieleza tena anachosikia.

Usingizi ndio hutangulia kuondoka. Mmechoka kunisikia nikilisema hilo, nami sitaacha.

Tukasema kasoma sana, tukasema kuna msichana, tukasema ni watu wamemroga. Akapelekwa kwa mganga Bagamoyo, akarudi na alama za kamba mikononi. Kisha Tanga, bibi yako akauza cherehani. Simlaumu bibi yako. Siku zile ukitaja hospitali ya akili watu walisikia Mirembe, na nyumba yenye mtu Mirembe mabinti wake hawaposwi. Nani angetuambia vingine? Lakini hapana, mimi nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa nayaona.

Tulipofika kwa daktari akauliza, "Tangu lini?" Nikajibu, "Mwezi mmoja." Nilimdanganya daktari kwa aibu, mjomba wako amekaa pembeni yangu ananisikia. Usiku wa tatu wa dawa alilala. Nilimsikia anakoroma, nikaenda kulia jikoni. Sauti zilipungua, ila masomo hakuyarudia tena. Ugonjwa ule ukikaa muda mrefu bila dawa, mtu hupata taabu kurudi alipokuwa. Na huwapata wakiwa vijana hivyo hivyo, ndiyo maana tunausingizia ujana.

Unataka nikwambie kama mjukuu wangu anao. Siwezi. Huenda ni mitihani. Huenda ni bangi, muulize bila fimbo. Huenda ni huzuni, nayo ina tiba yake. Ulimi unaniwasha niseme mpeleke Muhimbili kesho, lakini ni mwanao, na baba yake yupo. Ila usingizi, mwanangu, usingizi! Anza kuandika tarehe: siku aliyokesha, alichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Na akikueleza anachosikia, usicheke.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kituo cha Magomeni Mapipa na nauli mkononi. Mkipita kutoka Kimara mtanikuta.

Mama yako