Mume aingie leba? Muulizeni kwanza anayezaa

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mume aruhusiwe kuingia leba mkewe anapojifungua. Mimi ni hapana. Lakini kabla ya mume, tuulizane kwa nini mtu yeyote asiingie. Huku Rungwe unasindikizwa na ukoo mzima hadi mlangoni, halafu unabaki na uchungu wako na nesi mmoja anayekimbizana na vitanda.

Wifi yangu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza usiku, Julai, na baridi ya Tukuyu mnaijua. Bodaboda ikatushusha kituo cha afya, mimi na beseni, kanga na chupa ya chai. Nesi alikuwa peke yake zamu nzima. Akanitazama, akasema, "Dada, vua viatu, vaa kandambili zile, uingie." Vitanda vitatu, pazia hakuna. Kazi yangu ilikuwa kumkanda kiuno kwa ngumi, naye ananiambia hapo hapo, usitoe. Uchungu ukiachia tunatembea tumeshika ukuta, ukirudi ananing'inia shingoni mwangu. Chai nilimnywesha kwa kifuniko cha chupa. Alipotaka kusukuma nikamkimbilia nesi, maana hilo si langu kuamua.

Kitanda cha pili alikuwepo binti mdogo, kimya, anauma kanga. Wifi mwenyewe ndiye aliyenituma: "Nenda na kwa yule." Nikawa nawazungukia wote wawili. Binti alikuwa na swali moja tu, kama mumewe bado yuko nje. Kila nikifuata maji ya moto namkuta benchini, koti kichwani, naye ananiuliza habari za mkewe. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba salamu, kumbe hatua kumi tu zimewatenganisha.

Hapo hapana yangu inaanza kulegea. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwenyewe, si mama mkwe aliyeteuliwa na kikao cha ukoo! Mwaka mmoja kabla, wataalamu walikusanya tafiti 26 za wanawake zaidi ya 15,000, wakaona wenye mtu wa kukaa nao mfululizo hujifungua zaidi kwa njia ya kawaida, na upasuaji hupungua. Binti yule angeulizwa, jina la kwanza lingekuwa la yule wa benchini.

Lakini pazia lije kwanza, maana wifi yangu hakumwita mume wa mtu. Na anayeingia, mume au shangazi, amsikilize nesi, chupa ya mizizi ya kuongeza uchungu aiache nyumbani. Dawa hizo zimepasua vizazi vya watu, kwa hilo sibembelezi mtu.

Basi andikeni ndiyo, kwa mume aliyeitwa na mkewe, penye pazia. Wangu angebaki nje. Kuku akichinjwa tu, yeye anatafuta kiti.