Mtaro wa mbele ya nyumba yako unamwaga wapi?

Mtaa wetu hapa Sinza umejengewa mtaro mzuri wa zege. Maji yake yanapelekwa kusafishwa wapi?

Hayasafishwi popote. Majitaka yanayopita kwenye mabomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, huweza kufika mabwawa kama yale ya Vingunguti, lakini mtaro wa mvua unamwaga mtoni, nao mto baharini. Kikombe cha plastiki kilichotupwa Tandale kitaingia Mto Ng'ombe, kitaukuta Mto Msimbazi, na kama hakikunasa njiani utakiona Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini. Hapo katikati hakuna chujio.

Ndugu mwandishi, kwa nini mvua ya kwanza ya vuli inaleta maji meusi yanayonuka kuliko zile zinazofuata? Mimi niko Kigogo, bondeni.

Kiangazi chote jiji linajilimbikizia uchafu: oili inayomwagwa chini kwenye gereji za uchochoroni, vumbi la matairi na breki, kinyesi cha mbuzi na kuku, mabaki ya sokoni. Lami na zege havinywi maji, kwa hiyo mvua ya kwanza inakomba yote hayo kwa mkupuo. Zinazofuata zinakuta pameshaoshwa.

Halafu kuna jambo tunalolijua sote na kulinyamazia: kutapisha vyoo. Mvua ikikolea usiku, mtu anatoboa shimo lake ili maji yabebe. Gari la kunyonya ni ghali na nyumba nyingi halizifikii, hilo nalielewa. Lakini anayeamka na kinyesi sebuleni ni wewe wa Kigogo, na kipindupindu hakiulizi choo kilikuwa cha nani. Siku hizi kuna vikundi vyenye pampu ndogo za mkono zinazoingia vichochoroni. Ulizeni serikali ya mtaa, na mchangishane nyumba mbili tatu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Mbona mto wa hapa Tabata bado umejaa plastiki?

Iliyokatazwa ni mifuko ya kubebea. Chupa za maji na soda zinaruhusiwa, ila hizo angalau waokota chupa wanaziwahi kwa kuwa zinauzwa kwa kilo. Kinachobaki mtoni ni kile kisicho na mnunuzi, na kinara wake ni pampasi. Inanyonya maji, inavimba, inaziba kalavati, na mtaa mzima unaelea. Ifunge, umpe mzoa taka.

Mchicha wa bonde la Msimbazi nikiuchemsha sana, si unakuwa salama?

Moto unaua vijidudu, hautoi metali za sumu kama risasi na kadimiamu. Tafiti zimeshakuta metali za aina hiyo kwenye mboga za bonde hilo. Simlaumu mkulima, maji kayakuta hivyo. Muulize mama mboga wako anachukulia wapi.

Nina kiwanja mita 20 kutoka mtoni na barua ya mtaa ninayo. Nijenge?

Usijenge. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na barua ya mtaa haiwezi kuzipunguza. Na kama umeshaanza kumwaga kifusi ukingoni, acha leo: mvua ikija, maji yatasukumwa kwa jirani wa ng'ambo.